Kabla hujalipia VIP: namna ya kuchagua kiti cha tamasha la muziki uwanjani

Kiti nilichomnunulia mama kilikuwa VIP, katikati kabisa, mkabala na mstari wa kati wa uwanja. Kwenye mpira hicho ndicho kiti kinachogombaniwa. Ila siku ile haikuwa ya mpira, ilikuwa ya muziki, na steji ilifungwa golini, mkono wetu wa kushoto. Viti vya uwanjani vimekazwa kwenye zege, havigeuki, na vyetu vilitazama ng'ambo, kwenye jukwaa la upande wa pili ambako hakukuwa na chochote cha kutazama. Basi mama alikaa amegeuza shingo tangu saa kumi na mbili jioni. Ilipofika saa mbili usiku akageuka mwili mzima, akakaa upande upande, magoti yakimgusa jirani na yeye akimwomba radhi kila mara. Asubuhi yake nilimkuta barazani anajichua shingo kwa mafuta ya mkaratusi. Hakulalamika. Alisema tu, "Wale waimbaji, mwanangu, nimewaona sikio."

Fedha ile niliitafuta kwa jasho, na iliniuma kuona imempa mama maumivu badala ya raha. Tangu hapo sijawahi kulipia kiti kabla sijajua kinatazama nini. Haya hapa ndiyo ninayoyafuata, na kila anayeniuliza ninampa kama yalivyo.

Hatua ya kwanza: jua steji inafungwa wapi na inatazama wapi

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana "jukwaa" kwetu lina kazi mbili. Hapa nikisema jukwaa ninamaanisha pale wanapokaa watazamaji, na nikisema steji ninamaanisha pale anaposimama msanii.

Bei za viwanja vyetu zimezaliwa na mpira. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, ulioanza kutumika mwaka 2007 na wenye uwezo wa kuchukua watu 60,000. Kila shabiki wa Simba na Yanga anaijua ngazi yake ya bei: VIP A, VIP B, VIP C, viti vya machungwa, mzunguko. Ngazi hiyo imepangwa kwa anayetaka kuona magoli yote mawili kwa usawa. Muziki hauna magoli mawili. Una sehemu moja tu ya kutazama, na sehemu hiyo ikihama, thamani ya kila kiti uwanjani inahama nayo.

Chukua karatasi, chora yai. Hilo ndilo uwanja. Weka alama ya jukwaa kuu kwenye ubavu mmoja, kisha weka steji. Mara nyingi utaiweka kwa namna mojawapo kati ya hizi mbili. Ama iko ubavuni, ikitazama jukwaa kuu, ama iko golini, ikitazama goli la pili. Kwenye matamasha ya klabu ya kufungua msimu, kama Simba Day ya Simba na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, muziki unakwenda pamoja na mechi, kwa hiyo nyasi lazima zibaki wazi kwa ajili ya wachezaji. Tamasha la muziki mtupu halina sharti hilo, na waandaaji wengi huipeleka steji golini ili watu wengine wasimame kwenye nyasi mbele yake.

Steji ikitazama jukwaa kuu, VIP A ni halali ya bei yake, nunua bila wasiwasi. Ikiwa golini, sahau kwanza majina ya tiketi na uendelee kusoma.

Taarifa hii utaipata wapi? Tangazo zuri huja na ramani ya viti. Lisipokuwa nayo, piga namba iliyo kwenye tangazo na uulize swali moja lililonyooka: "Steji inatazama upande gani?" Wakikujibu kwamba kila kiti kinaona vizuri, hapo hujajibiwa. Uliza tena. Na kama unakaa karibu, pita uwanjani siku mbili tatu kabla, maana mafundi huwa wameshaanza kusimamisha vyuma.

Hatua ya pili: pima umbali kwa mkono wako

Nyosha mkono mbele, tazama kucha ya kidole cha mwisho. Mtu mzima aliyesimama mita 100 kutoka kwako ana urefu wa kama sentimita moja kwenye macho yako, yaani upana wa kucha hiyo. Akiwa mita 50 ni upana wa dole gumba. Akiwa mita 170, umeshika punje ya mchele.

Viwanja vyetu vikubwa, kuanzia Mkapa hadi Kasarani kule Nairobi, vina njia ya riadha inayozunguka nyasi. Njia hiyo inakusukuma nyuma. Kiwanja cha mpira peke yake kina urefu wa mita 105, lakini ukijumlisha njia nane za kukimbilia, nafasi ya ndani inafika karibu mita 177 kwa urefu na 93 kwa upana. Steji ikiwa golini, msanii atasimama mita 25 au 30 ndani kutoka ukingoni. Anayekaa goli la pili, hata safu ya chini, yuko mita 150 kutoka kwake, na wa juu kabisa anakaribia 200. Huyo anatazama punje ya mchele inayocheza. Aliye ubavuni, usawa wa mstari wa kati, yuko kwenye mita 75 hadi 85.

Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu unakwenda kuona nini. Kama unataka kuona uso wa msanii, viti haviwezi kukupa hilo, labda vichache vya pembeni ya steji au nyasi zenyewe. Kwa walio wengi, uso utaonekana kwenye skrini kubwa, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Kama unataka kuona taa, wachezaji, moshi na bahari ya watu wakiimba pamoja, basi kukaa mbali na juu kunakufaa kuliko ukaribu.

Hatua ya tatu: sauti, ambayo wengi hawaiulizi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, maana tunalipa kwenda kusikia muziki na tunachagua viti kwa macho tu.

Umewahi kumwona mtu anapasua kuni kwa mbali? Shoka linashuka, kisha ndiyo unasikia mlio. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mita 170 ni nusu sekunde nzima. Mtu wa goli la pili anatazama skrini, anaona mdomo wa mwimbaji umeshalifunga neno, halafu neno lenyewe ndiyo linamfikia. Ngoma inapigwa, mkono umeshanyanyuka, ndipo mdundo unafika. Kwa nyimbo mbili utavumilia. Kwa saa tatu inachosha kichwa bila wewe kujua kinachokuchosha.

Waandaaji wenye mafundi wazuri wanalijua hilo. Wanasimamisha minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha makusudi, ili sauti yake itoke sawia na ile inayofika kutoka stejini. Wewe wa nyuma unasikia sauti safi, yenye nguvu, kutoka karibu, ingawa mdomo kwenye skrini utazidi kukutangulia kidogo. Basi ukiona picha za tamasha lililopita la waandaaji hao hao, tafuta minara hiyo. Kama haipo, viti vya goli la pili viache, hata viwe bei ya kutupa.

Kitu cha pili cha kutafuta ni hema la fundi mitambo. Liko kwenye nyasi, mbele ya steji, kwa kawaida mita 30 hadi 50 kutoka stejini. Humo mna mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza yenye vitufe vingi, na kila unachosikia ni yeye amekipima kwa masikio yake, akiwa amesimama pale pale. Kwa hiyo nafasi inayosikika vizuri kuliko zote uwanjani ni ya hema hilo na nyuma yake kidogo. Kama una tiketi ya nyasi, usikimbilie chuma cha mbele. Kasimame nyuma ya hema au ubavuni mwake. Spika kubwa zinaning'inizwa juu na za besi hukaa chini, kwa hiyo aliyejibana mbele kabisa mara nyingi anapigwa na besi kifuani huku sauti ya mwimbaji ikimpita juu ya kichwa.

Ukiwa kwenye viti, epuka vitu viwili. Kimoja ni safu za mwisho kabisa chini ya paa, zenye ukuta wa zege mgongoni, kwa sababu besi inajikusanya hapo na maneno yanamezwa. Kingine ni kukaa pembeni mno, kwenye kona iliyo bega kwa bega na steji. Spika zinarusha sauti mbele, na wewe uko nyuma ya mabega yake. Utasikia ngoma na vurumai, na mwangwi ukirudi kutoka jukwaa la ng'ambo.

Halafu kuna upepo. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa upepo, lakini ni wachache wanaoukumbuka wakiwa wananunua tiketi. Sauti inayokwenda na upepo inainama chini kuelekea kwa wasikilizaji, na inayokwenda kinyume chake inapinda juu na kupotea. Viwanja vingi vimelala kaskazini kwa kusini ili jua la jioni lisimchome golikipa machoni. Kwa hiyo wakati wa kusi, upepo utokao kusini, Juni hadi Septemba, steji iliyo kusini ina upepo mgongoni na watu wa kaskazini wanafaidi. Steji ikiwa kaskazini, sauti inakwenda kupigana na kusi, na wewe uliye mbali, hasa safu za juu zisizo na kinga, utasikia inakuja na kuondoka kama redio ya betri iliyochoka. Hapo sogea karibu, na ushuke chini.

Hatua ya nne: kona ya mbali, rafiki wa mwenye kipato cha kawaida

Sasa turudi kwenye shingo ya mama. Viti vya ubavuni vinatazama ng'ambo. Steji ikiwa golini, anayekaa mstari wa kati lazima ageuke karibu nyuzi 50 ili aione. Lakini viti vya kwenye mzunguko, pale jukwaa linapokunja, vimegeuka vyenyewe kuelekea katikati ya uwanja. Ukikaa kwenye mkunjo ulio mbali na steji, mahali ubavu unapoanza kugeuka kuwa goli, uso wako, magoti yako na steji viko kwenye mstari mmoja. Uko mita 110 hadi 140, ni kweli. Lakini skrini zote mbili unaziona bila kujigeuza, spika zinakutazama, taa zote zinakujia, na mgongo umepumzika.

Hivyo viti kwa kawaida vinauzwa bei ya chini kabisa. Wengi wanavikwepa kwa sababu kwenye mpira mzunguko ni pa walalahoi. Kwa tamasha lenye steji golini, minara ya spika na skrini nzuri, mimi nachukua kona ya mbali kuliko VIP ya mstari wa kati, na ninasema hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa. Ubavuni ningekubali kwa sharti moja, kwamba kiti kiwe kimesogea kutoka mstari wa kati kuelekea goli la pili, kama mita 20 hivi. Hapo pembe ya kuigeukia steji inaongezeka kidogo tu, lakini unakuwa umeingia vizuri kwenye njia ya spika.

Mkunjo ulio jirani na steji, hata kama ni bei ndogo, uliza mara mbili. Vyuma vya steji, spika na migongo ya skrini vinaweza kukufungia kila kitu. Ukiambiwa "pembeni ya steji", omba picha iliyopigwa kutoka pale.

Hatua ya tano: safu

Safu za chini kabisa zina mvuto, lakini uwanjani zinaudhi. Mbele yako kuna uzio, kuna askari na walinzi wamesimama, kuna wauza maji wanapita, na watu wa kwenye nyasi wakinyanyua simu unabaki kutazama simu. Panda kama safu ya kumi na tano kwenda juu. Hapo unaona juu ya vichwa vyote. Ukipanda sana unarudi kwenye zile shida za paa na upepo.

Kiti cha pembeni mwa ngazi ni kizuri kwa mwenye mtoto au mwenye kwenda haja mara kwa mara, ila ujue watu watakupita usiku kucha. Viti vitatu ndani kutoka kwenye ngazi ndiyo kipimo changu.

Hatua ya sita: unakwenda na nani

Mzee mwenye magoti mabovu asipandishwe ngazi arobaini kwa sababu wewe umependa mandhari. Mwulize mwandaaji kiti kipi kina ngazi chache kutoka getini, na choo kiko umbali gani. Hayo mawili yanamfaa mama yako kuliko ukaribu na msanii.

Mtoto mdogo asikae karibu na spika, kamwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu kumbi za burudani unaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100, na hicho ni kikomo cha watu wazima kwenye ukumbi unaojali. Mnunulie kinga ya masikio ile ya kuvaa kama hedifoni, na bado umkalishe mbali. Wewe mwenyewe, vizibo vidogo vya masikio vya duka la dawa havikuharibii muziki. Vinapunguza kelele, na unarudi nyumbani masikio hayalii.

Mtu mfupi asiende kwenye nyasi kwa matumaini. Nimewaona dada zangu wakitazama migongo ya watu tamasha zima.

Jua na mvua

Kwa jua, maneno machache. Jukwaa kuu la viwanja vingi liko magharibi, ili jua la alasiri liwe mgongoni. Ukikaa mashariki na milango ikafunguliwa saa nane, utakula jua la uso mpaka linazama, na Dar es Salaam linazama baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Miezi ya masika na vuli, kumbuka kwamba paa halifuniki safu za mbele. Mvua ya upepo haisomi tiketi.

Hatua ya saba: kununua

Uliza kama tiketi yako ina namba ya kiti au eneo tu. Ikiwa ni eneo tu, ujue umenunua haki ya kuingia sehemu hiyo, kiti ni cha anayewahi. Kwa tamasha la saa moja usiku, mimi nafika saa tisa. Hapo karatasi yako ya yai inafanya kazi, maana unajua unakwenda wapi moja kwa moja huku wengine wanashangaa shangaa getini.

Nunua mapema na ununue sehemu rasmi. Mlanguzi wa nje atakuuzia picha ya tiketi ambayo ameshawauzia watu kumi, na mashine ya getini inamkubali wa kwanza tu. Kwa sababu hiyo hiyo, usiipige picha tiketi yako na kuitupia mtandaoni kabla ya siku.

Ukumbi wa ndani una mambo yake. Pale BK Arena mjini Kigali, alipopiga rapa Kendrick Lamar Desemba 2023, kuna nafasi za watu 10,000 tu na hakuna njia ya riadha. Umbali ni mdogo, upepo haupo, na kiti cha juu katikati ni kizuri sana. Ndugu zetu walio Ulaya, ambao wengine walimfuata mwimbaji Fally Ipupa kwenye ukumbi wa Paris La Défense Arena Novemba 2023, wao tiketi zao huwa na jina la eneo, safu na namba ya kiti. Wasome maandishi madogo. Tiketi iliyopunguzwa bei kwa kuwa mtazamo umezibwa inasema hivyo hivyo, ila inasema kwa herufi ndogo.

Kutoka

Ukishakaa, kabla muziki haujaanza, geuka nyuma utazame mlango wa kutokea ulio karibu nawe na ule wa pili yake. Mwonyeshe kila uliyekuja naye. Mkubaliane mtakutana wapi mkipotezana, maana watu maelfu wakifungua simu pamoja, mtandao unalala.

Wimbo wa mwisho ukiisha, kaeni. Dakika ishirini zinatosha. Msongamano wa kwenye ngazi na getini ndio wa kuogopwa, kuliko hata foleni ya daladala.

Mara ya pili nilipompeleka mama, tulikaa kona ya mbali, safu ya kumi na nane, viti vitatu kutoka kwenye ngazi, na tiketi mbili hazikufika nusu ya ile moja ya VIP. Watu walipoanza kusukumana kutoka, yeye alifungua kanga, akatoa karanga alizofunga toka nyumbani, tukala taratibu huku mafundi wakishusha spika za kwanza. Kisha akaniuliza tamasha lijalo ni lini.